Dawa sijakosa, virusi havionekani, lakini sina raha: jibu kwa fundi wa nguo wa Likoni

Swali

Shikamoo Bi Mshauri. Nina miaka 32, naishi Likoni, Mombasa, na nashona nguo kwenye duka la watu kule mjini, karibu na Barabara ya Biashara. Mwaka 2019 nilipimwa kliniki ya waja wazito nikaambiwa nina virusi vya Ukimwi. Mtoto alizaliwa salama, akapimwa hadi alipotimiza mwaka mmoja na nusu, hana. Babake alipojua hali yangu alinipa talaka, nikarudi kwa mama. Nyumbani hajui mtu. Dawa nazificha kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, nameza saa tano usiku wakishalala, na sijakosa hata siku moja. Karatasi ya mwisho imeandikwa LDL, yaani virusi havionekani kwenye kipimo. Lakini usingizi sipati mpaka karibu na adhana ya alfajiri, chakula hakipiti, nguo ya mteja naishona naifumua. Mshauri niliyekuwa nikizungumza naye aliachishwa kazi. Sasa tunapanga foleni moja na wagonjwa wote na siwezi kufungua mdomo. Mama anasema nimeingiliwa na jini, anataka nikasomewe na ninywe kombe. Na kuna mtu ameleta posa. Je, ni dawa zinanifanya hivi? Huyu mtu nimwambie? Na Ramadhani nitamezaje nyumba imejaa watu? Siku nyingine nikiwa kwenye feri nayatazama maji mpaka tunafika ng'ambo, sijui nilikuwa nawaza nini.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipomalizia, penye maji ya feri. Naanzia hapo.

Nakuuliza waziwazi kama ninavyomuuliza anayeketi mbele yangu: umewahi kuona ni heri ufe? Umewahi kuwaza kujidhuru? Swali hili halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi nikiwauliza hushusha pumzi, kwa kuwa lile walilolibeba peke yao limetajwa na mtu mwingine. Kama jibu lako ni ndiyo, hata kama ni wazo la kupita, basi hilo latangulia posa, latangulia Ramadhani, latangulia yote niliyoyaandika huko chini. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haitozwi pesa. Au nenda chumba cha dharura cha hospitali yoyote useme maneno haya tu: nimewaza kujidhuru. Na mpaka utakapokuwa umezungumza na mtu, usivuke peke yako. Ongozana na mwenzako wa dukani, mkae ndani katikati ya watu, mzungumze habari za nguo za Idi.

Usiogope kushitakiwa. Miaka mingi watu walinyamaza kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Na hata zamani, kuwaza tu hakukuwa kosa. Ni ishara kwamba mzigo umezidi, na mzigo ukizidi hutafutwa wa kupokea.

Sasa nije kwenye hali yenyewe. Watu wetu wa Pwani hawaingii chumbani wakasema wana huzuni. Husema nina mawazo, roho imenidhiki, kichwa kimejaa, viungo havina nguvu. Wataalamu wameipa hali hiyo jina la sonona ikishika na kuganda, na tunayo njia ya kuitambua. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Mawili ya kwanza ndiyo mlango: je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, na je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Kisha huja usingizi, uchovu, chakula, kujiona huna maana, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwili kuzubaa au kuhangaika, na la tisa ndilo nililokuuliza mwanzo. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 na kupita hatumwambii mtu ajikaze. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua, lakini barua yako imeshajibu kadhaa bila kuulizwa. Nguo unayoishona na kuifumua ni swali la saba. Fundi aliyeshika sindano miaka yote hasahau kazi yake kwa ghafla. Akili ndiyo inayokataa kukaa juu ya mshono.

Tena hauko peke yako. Watu wanaoishi na virusi hupatwa na sonona takriban mara mbili zaidi kuliko wasio navyo, na wengi wao huendelea kuripoti kliniki, kusalimia na kuchukua dawa kama kawaida.

Nikusimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki niliyokuwa nikifanya kazi, aliingia mama mmoja wa makamo, karatasi yake nzuri kama yako. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Nilimpongeza, nikatia tiki, nikampa tarehe ya kurudi. Kabla hajalitia kopo kwenye mkoba alilifungua, akasokota pamba, akaijaza juu ya vidonge, akalitikisa sikioni kusikiliza kama linalia. Nilimwona. Sikumuuliza kitu. Alirudi baada ya miezi mitano, virusi vimepanda, amekonda, akaniambia aliacha kumeza kwa sababu alichoka kulisikiliza kopo. Ile pamba sijaisahau. Tangu siku hiyo, mtu akija na karatasi nzuri ndipo ninapovuta kiti karibu na kumuuliza: na usiku unalala?

Utasema, mbona haya yanakuja sasa, miaka yote hii baada ya kupimwa? Mwaka 2019 hukuwa na nafasi ya kulia. Ulikuwa na mimba, kisha mtoto wa kupelekwa kupimwa akiwa na wiki sita, miezi sita, mwaka, hadi mwaka mmoja na nusu, na kila kipimo cha mtoto kilikuwa mtihani wako. Katikati ya hayo ndoa ikavunjika. Mwenye chombo kinachovuja hufua maji kwanza, hofu humjia akishatia nanga. Angekufa mumeo, jirani wangejaa matangani, wangepika wao, ungekaa eda, na hakuna ambaye angeuliza mbona unalia. Ulichopoteza wewe ni ndoa, ni amani uliyokuwa nayo na mwili wako, ni uhuru wa kuacha dawa mezani kwa mama yako, na hakuna aliyekuja kukupa pole. Msiba huo haukuwekewa matanga. Katika barua yako naona kilio kilichokosa ruhusa kwa miaka.

Na usisome haya ukajiona umeshindwa. Mtoto wako hana virusi kwa sababu ulimeza kidonge kila siku huku dunia yako inabomoka. Hilo ulilifanya wewe.

Sasa dawa. Kopo lako kuna uwezekano mkubwa limeandikwa TLD, yaani kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ulipoanza huenda ulipewa efavirenzi badala ya dolutegraviri, kwa kuwa mwaka 2018 takwimu kutoka Botswana zilitia hofu kuhusu mimba changa. Hofu hiyo ikapungua, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kwa wanawake pia. Efavirenzi ndiyo iliyojulikana kwa ndoto za kutisha, kizunguzungu na huzuni. Ukikuta jina hilo bado liko kwenye kopo lako, mwambie daktari mapema. Dolutegraviri ni pole zaidi, ila kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi, hasa ikimezwa usiku. Nawe unameza saa tano ya usiku, kwa kuwa ndiyo saa ambayo hakuna macho. Siri ndiyo iliyokuchagulia saa hiyo, na huenda saa hiyo ndiyo inayokula usingizi wako, au sehemu yake.

Ihamishie asubuhi. Kwa mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, kusogeza dozi saa chache mara moja ili abadilishe saa hakuharibu kitu, ila mwambie mhudumu aandike kwenye faili lako. Jipe wiki mbili uone. Sitakuahidi kwamba kuhama saa kutamaliza yote, kwa maana chakula kisichopita na macho yaliyoganda kwenye maji hayaelezwi na saa ya kidonge peke yake. Lakini mtu anayelala kwa muda wa saa sita hulikabili jambo lilelile akiwa na nguvu nyingine. Jambo moja nakukataza kabisa: usiziache dawa kwa kujaribu tu uone kama raha itarudi. Na usivihamishe vidonge vyote kwenye mfuko wa plastiki ili kopo lisilie. Joto na unyevu wa mji huu huviharibu, ndiyo maana ndani ya kopo pana kile kipakiti kidogo cha kukausha. Kipakiti kiache mahali pake.

Hapo swali la Ramadhani limejijibu nusu. Kidonge ni kimoja kwa siku, kwa hiyo funga na dawa havigombani: unaweza kumeza wakati wa futari au wakati wa daku. Mimi kwa hali yako nachagua daku. Ni saa ambayo kila mtu ana usingizi machoni, na kinamama wengi niliowashauri huamka wa kwanza kupasha chakula. Sufuria inapokaa motoni, kidonge kimeshapita. Futari ina tatizo lake jingine. Watu wakishakula viazi karai na bhajia kiungulia huwashika, wakatafuna dawa za kiungulia. Hizo, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu, huizuia dolutegraviri isiingie mwilini sawasawa. Kidonge chako kitangulie saa mbili kabla yake, au kisubiri saa sita baada yake. Ukizidiwa kabisa, aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine, na kwangu mimi maradhi ya moyo na akili nayo ni maradhi. Muulize mwalimu unayemwamini.

Ninajua pia kwamba mwezi huo ndio mafundi hawalali, maana kila mtu anataka nguo ya Idi. Kama unakesha na cherehani, kahawa chungu iishie alasiri kwa siku za kawaida na mapema baada ya futari kwa siku za mfungo. Muguka, yale majani ya kutafuna ili ukeshe, usiuguse. Wiki ukiikesha, mawazo hurudi na riba.

Mama yako. Mwanangu, mamako ameona kitu cha kweli. Ameona bintiye halali, hali, na yuko mbali hata akiwa amekaa naye mkekani. Jina alilonalo la hali hiyo ni jini, kama alivyofundishwa na wakubwa zake. Mimi sina ugomvi na kusomewa. Kombe lililoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji na marashi, ukanywa huku mamako amekushika bega, halitakudhuru, na kwa wengi ile dua na ule mkono begani hutuliza moyo. Mpaka wangu uko hapa: anayekwambia uache dawa, au akupe mizizi asiyotaka kuitaja, au akufungie ndani siku kadhaa, ondoka kwake hata kama kilemba chake ni kikubwa. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakiweka makopo chini kwa sababu ya ahadi ya mganga, na virusi vikarudi katika wiki chache. Kasomewe, urudi nyumbani, umeze.

Najua kuna methali ambayo watu wa hali yako hupigwa nayo kama fimbo: mficha uchi hazai. Eti ukifunga mdomo utaangamia, kwa hiyo jitangaze. Mimi naisoma vingine. Anayezaa humvulia nguo mkunga. Havui barazani, hamvulii mtaa mzima. Methali inakutaka umtafute mkunga wako, na mmoja anatosha kuanzia. Hayati Joe Muriuki, anayekumbukwa kuwa Mkenya wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, alipimwa mwaka 1987 na akaishi hadi 2022, na ujasiri wake uliwafungulia njia maelfu. Lakini hudaiwi ujasiri wa aina hiyo. Unachohitaji ni mtu mmoja ndani ya maisha yako ambaye mbele yake kopo linaweza kulia.

Mtu huyo unampataje? Msikilize anavyozungumza siri za wengine. Anayekuletea habari za talaka ya jirani kabla chai haijapoa, zako pia zitapelekwa. Mpime kwa habari ya mbali. Mwambie umesikia redioni mwanamke anaishi na virusi na ana watoto wazima, kisha nyamaza uone uso wake unakwenda wapi. Huenda ni mama. Huenda ni shangazi aliye Changamwe, au yule mwenzako wa cherehani ya pili. Ukishaamua, usifanye hotuba. Chagua saa tulivu, mahali pasipo na mtu wa kubisha hodi, useme: nina jambo langu, naomba libaki hapa, mwaka 2019 niligundulika na virusi, nameza dawa, niko salama, mtoto yuko salama, ila nimechoka kulibeba peke yangu. Halafu uache anyamaze. Watu wengi huhitaji dakika kadhaa, na maneno ya kwanza yanayowatoka kwa mshituko siyo yatakayobaki.

Kuhusu posa nina rai na nitaisema bila kuzunguka. Usimjibu sasa. Waambie wazee wamsubirishe hadi baada ya Idi. Mtu asiyelala hapimi sawasawa, anaweza kukubali kwa upweke au kukataa kwa hofu, na yote mawili akayajutia. Ukianza kulala na kula, rudi kwenye swali hili.

Na ukirudi, rudi ukijua sayansi ilikofika, kwa sababu naona bado unajiona kama mtu wa hatari. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Ulaya ulioitwa PARTNER, uliofuata wapenzi ambao mmoja ana virusi vilivyodhibitiwa na mwenzake hana. Walihesabu takriban mara 58,000 za kujamiiana bila mpira, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Sehemu ya pili ya utafiti ilitoka 2019 na jibu likawa lilelile. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema kwa maneno mazito zaidi: mtu anayemeza dawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hiyo ndiyo maana ya zile herufi tatu kwenye karatasi yako. Unaweza kuolewa, unaweza kuzaa tena, ukiendelea na kidonge na vipimo.

Je, umwambie? Ndiyo, kabla ya nikahi. Nakwambia hivi kwa kukuonea huruma wewe kuliko yeye. Ukiingia kwenye nyumba mpya na mfuko uleule wa vitambaa, utakuwa umejitafutia kifungo cha pili. Lakini mwambie ukishajua ni mtu wa namna gani, na kabla mahari haijalipwa na kadi kusambazwa. Iwe mchana, mahali ambapo unaweza kuinuka na kuondoka, na ikiwezekana mbele ya mshauri ambaye atamweleza yale niliyokuandikia hapa, maana wewe utakuwa unatetemeka. Anaweza kukataa. Ulishakataliwa mara moja na najua kidonda hicho hakijafunga vizuri, ndiyo sababu nataka uwe umeshampata mkunga wako kabla ya siku hiyo, ili jioni ile uwe na mlango wa kubisha. Akikutisha au kukupiga, laini ya 1195 inashughulikia ukatili wa kijinsia.

Sheria nayo uijue. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kama sharti la ndoa, na inakataza yeyote kutoa majibu yako bila idhini yako. Iliunda pia mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko ya namna hiyo. Kifungu chake cha 24, kilichomlazimisha mtu kumjulisha kila anayekutana naye kimwili, kilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2015. Sheria ya Makosa ya Ngono, nayo ya 2006, ingali inamwadhibu anayeambukiza mwenzake kwa kukusudia. Wewe umemeza dawa miaka yote hii. Huko kwenye makusudi haupo.

Nimeacha mwisho jambo linalonikera. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, washauri wengi na wale kinamama waliokuwa wakiwashika mkono wajawazito wapya waliachishwa kazi, na nyingi za CCC, yaani kliniki za watu wenye virusi, zikaunganishwa na foleni ya wagonjwa wa nje. Wapo wanaosema kuchanganya kutapunguza unyanyapaa, kwa kuwa hakuna tena mlango unaojulikana na kila mtu. Labda baadaye. Kwa sasa kilichotokea ni kwamba wewe, na wengi kama wewe, mmepoteza kiti cha kukalia mkasema. Kidonge kipo na masikio hayapo. Hilo si dogo, na sitaki mtu akwambie kwamba kwa vile dawa zinatoka unapaswa kushukuru na kunyamaza.

Tufanyeje basi? Foleni haiwezi kukuzuia kuandika. Chukua kipande cha karatasi, kile unachoandikia vipimo vya wateja, uandike: silali, sili, nina mawazo mazito, naomba kuzungumza na mtu faraghani. Mpe muuguzi mkononi pamoja na kitabu chako. Karatasi haisikiki na jirani wa benchi. Omba uulizwe yale maswali tisa. Yamo kwenye utaratibu wa kliniki zinazohudumia watu wenye virusi nchini, kwa hiyo huombi fadhila. Hapo kwenu wakikosa mtu, omba barua ya kupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au Port Reitz. Najua ukitaja Port Reitz Mombasa watu huona minyororo na wazimu. Wapo pia wanaokwenda kwa sababu hawalali tu, wakazungumza, wakapewa tarehe, wakapanda matatu kurudi nyumbani.

Ushauri wenyewe hauna uganga. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alifundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona huita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni mawazo yetu haya haya. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mtu kuyatenganisha matatizo yake, achague moja, apange hatua ndogo ya wiki hiyo. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti kuhusu watu 573, karibu wanne kwa kila kumi wakiishi na virusi, na waliokaa na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wewe fundi unalijua hili kwa vidole: fundo la uzi halivutwi kwa nguvu, hutafutwa ncha moja. Kwako ncha ni usingizi. Posa ni ya mwisho.

Yapo na makundi ya kusaidiana. Kama unaogopa kuonwa Likoni, omba uelekezwe kundi la Kisauni au Changamwe. Watu wengi hufanya hivyo na hakuna anayeshangaa. Na kama daktari ataona unahitaji dawa ya sonona, kwa mfano fluoksetini, usiikimbie. Haigombani na TLD na haimfanyi mtu kuwa mraibu wake. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti, na ukipata nafuu unaendelea nayo miezi sita au zaidi, kisha unaacha kwa maelekezo ya daktari.

Tarehe yako ya kliniki sijui ni lini. Kama ni zaidi ya wiki moja kutoka leo, usiingoje, nenda kesho kutwa na ile karatasi. Kisha niandikie. Uniambie wamekupangia saa gani ya kumeza, nani alikaa nawe chumbani, na jioni ile ulivuka na nani.